Kabambare: Picha ya Panorama Isigeuzwe Ushahidi Kwamba Watu Hawapo

Kuna aina ya picha ambayo wakaaji wa Kabambare na wale waliohama kwao wanapaswa kuanza kuiuliza maswali. Siyo zile picha za uongo zilizopigwa nchi nyingine kisha zikaandikwa jina la Maniema. Hizo watu wamekwisha kuzizoea. Hii imepigwa Kabambare kwenyewe, tena na mtu mwenye nia njema. Ni ile picha ndefu inayoitwa panorama: vilima, bonde la Luama, nyasi, mapaa machache ya nyumba, na mbingu kubwa juu yake.

Ni picha nzuri, hakuna anayekataa. Ubaya unaanza pale inapotolewa kama ushahidi. Inawekwa mwanzoni mwa ripoti, inapita kwenye vikundi vya WhatsApp, na anayeitazama akiwa Kindu au Kinshasa anasema moyoni: kumbe kule ni kimya, kumbe ardhi ni tupu. Kwa mtu wa Salamabila aliyelala kwa jamaa zake Kasongo, neno hilo "tupu" si dogo. Nyumba yake iko ndani ya picha ile. Shamba lake liko ndani ya picha ile. Ni yeye tu ambaye hayumo.

Kwanza watu waelewe picha hiyo inatengenezwa namna gani, maana wengi wanadhani kamera imefungua jicho kubwa zaidi. Sivyo. Panorama inashonwa, kama fundi wa cherehani anavyounga vipande vya kitambaa. Mpiga picha anasimama mahali pamoja, anapiga picha ya kwanza, anageuka kidogo, anapiga ya pili, anageuka tena. Kila picha lazima ipandie ile ya jirani yake karibu theluthi moja, ili vitu vilevile vionekane katika zote mbili: mti uleule, pembe ya paa lilelile, jiwe lilelile. Kisha programu inatafuta alama hizo zinazofanana, inakunja picha kidogo ili zikae sawa, inazipandanisha, na mwisho inapaka mwanga na rangi mpaka mshono usionekane.

Zamani kazi hiyo ilitaka mikono na uvumilivu mwingi. Mwaka 2003 watafiti Matthew Brown na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha programu inayoweza kutambua yenyewe picha zipi zinaungana na kuzishona bila kuongozwa na mtu. Leo ufundi wa namna hiyo uko ndani ya simu ambayo kijana ananunua sokoni. Anabonyeza, anageuza simu polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na bonde zima limo mkononi mwake.

Sasa tazama kinachopotea. Tuseme kamera inaona nyuzi 60 kwa mara moja, na kila picha inapandia jirani yake kwa nyuzi 20. Ili kufikisha nyuzi 180, yaani nusu ya mzunguko, zinatakiwa picha 4. Kama mpiga picha anatumia sekunde 10 kati ya picha moja na nyingine, kati ya ya kwanza na ya mwisho zimepita sekunde 30. Katika sekunde 30 mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida anakwenda karibu mita 40. Mlima hautembei. Paa halitembei. Anayetembea ni mama mwenye bidoni la maji kichwani, ni mtoto anayekimbia, ni baba mwenye furushi mgongoni.

Programu inapomkuta mama huyo katika sehemu ambapo picha mbili zinapandana, katika moja yupo na katika nyingine hayupo, ni lazima ichague. Mara nyingine inamwacha nusu, kiwiliwili bila miguu. Mara nyingine inamfanya kama kivuli, nyasi zinaonekana kupitia mwili wake. Mara nyingine anatokea mara mbili, kana kwamba ni mapacha. Na mara nyingine programu inapitisha mshono mahali ambapo mama huyo anafutika kabisa, na njia inabaki safi kama haikupitwa na mtu tangu asubuhi. Kwa programu hayo ni mafanikio, kwa sababu imeondoa dosari. Kwa nchi yenye watu walio njiani, dosari hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kwa hiyo panorama haihesabu watu. Haifai kuwapunguza, na haifai kuwaongeza. Anayetaka kuonyesha kwamba wakimbizi wa ndani ni wachache asiitumie. Na anayetaka kuonyesha kwamba ni wengi, ili misaada ije haraka, naye asiitumie, hata kama ni mtu wa hapahapa mwenye uchungu wa kweli. Siku itakapogunduliwa kwamba mtu mmoja ameonekana mara mbili kwenye mshono, watakaoitwa waongo ni familia zote, si mpiga picha peke yake.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na hili si la programu. Katika Kongo sehemu kubwa ya watu waliokimbia vita hawakai kambini. Wanakaa kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu wa kanisa au msikiti wao, hata kwa mtu wasiyemjua aliyewahurumia. Salamabila na vijiji vya jirani vilipoingiwa na mapigano kati ya FARDC na Mai-Mai Malaika, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, watu walibisha hodi kwenye milango ya wenzao. Nyumba iliyokuwa ya watu 6 ikalala watu 15. Sufuria moja ya sombe ikagawiwa mara tatu.

Nyumba hiyo ukiitazama kutoka kilimani ina paa moja, kama jana. Moshi ni uleule. Hakuna hema, hakuna turubai la rangi ya buluu, hakuna mstari wa watu wanaongoja chakula. Unaweza kushona picha 4, unaweza kushona 40, unaweza kurusha droni juu ya kijiji kizima, na bado hutaona godoro moja lililolaliwa na watoto 5. Anayesema "tumepiga eneo lote na hatukuona wakimbizi" amesema kweli kuhusu mapaa. Kuhusu watu hajasema kitu.

Kosa la tatu linahusu ardhi, na hapa ndipo uchungu wenyewe ulipo. Shamba la mtu aliyekimbia misimu miwili halionekani kama shamba. Nyasi zinapanda, njia inafunikwa, muhogo unamezwa na magugu. Likiingia kwenye panorama linageuka mandhari: kijani kizuri mpaka upeo wa macho. Lakini shamba lisilo na mtu si shamba lisilo na mwenyewe.

Kongo inalijua neno hili "ardhi tupu", na ililipia bei kubwa. Tarehe 1 Julai 1885 dola ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya dola. Maofisa wakatazama pori la kuwindia, shamba lililopumzishwa, kijiji kilichohama, wakaandika: tupu. Hawakuwa na simu za kushona picha. Macho yaliyotazama kwa mbali yalitosha. Na hata baada ya uhuru, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, ikaahidi kwamba haki za wakaaji juu ya ardhi zao za kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka ikapita mingi bila amri hiyo kutolewa. Katika nchi ambamo haki ya mkulima inasimama juu ya ushuhuda wa majirani, si juu ya karatasi, picha inayoonyesha kwamba majirani hawapo ni jambo la hatari. Wazee walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo ilikuwa onyo kwa mvivu wa kufika kikaoni. Isifanywe hukumu juu ya mtu aliyefukuzwa kwake kwa bunduki.

Na Kabambare haijawahi kuwa nchi tupu. Misafara ilipita hapa ikienda Kasongo na Nyangwe, na Kiswahili kinachosemwa leo kusini mwa Maniema kilikuja kwa njia hiyo. Livingstone alikaa hapa miezi mingi katika mwaka 1870, mahali alipopaandika Bambarre, akiuguza vidonda vya miguu. Mgonjwa hakai miezi mingi mahali pasipo na watu wa kumpa chakula.

Wapo watakaojibu kwamba hata picha moja, isiyoshonwa, inadanganya. Mpiga picha anaweza kuelekeza kamera upande mmoja na kuacha watu mia moja upande wa pili. Ni kweli, na jibu hilo lisidharauliwe. Lakini picha moja ina mipaka inayoonekana. Kila mtu anajua kuna kitu nje ya ukingo wake, na anaweza kuuliza. Panorama inajifanya haina ukingo. Inasema: nimeona yote, tena kwa mara moja, na hayo mawili si kweli. Ndiyo sababu shindano la World Press Photo, linaloheshimiwa na wapiga picha wa habari duniani kote, halikubali panorama zilizoshonwa katika makundi ya picha moja moja na ya mfululizo wa picha za habari. Walioweka sharti hilo wanapenda picha. Ni kwamba wanajua picha ya habari inatakiwa kuwa shahidi wa dakika moja.

Wengine watasema picha za karibu zinahatarisha waliohama, kwa sababu nyuso zao zinajulikana na maadui. Hilo nalo ni kweli, na linatosha kumkataza mtu kupiga nyuso na kuzisambaza. Lakini kuficha uso wa mtu ni jambo moja, na kumfuta mtu ni jambo lingine. Mikono inayopokea unga inaweza kupigwa bila uso. Magodoro yanaweza kuhesabiwa bila jina. Orodha ya familia inaweza kukaa kwa chefu wa kijiji na shirika la raia bila kupita WhatsApp.

Hakuna anayeomba panorama ipigwe marufuku. Ina kazi yake, na kazi hiyo Kabambare inaihitaji. Inafaa kuonyesha barabara iliyokatwa na mvua, daraja lililoanguka, kilima kilicholiwa na uchimbaji kule Namoya, kingo za mto zinazobomoka. Mtu akisimama juu ya jiwe lilelile kila mwaka, mwezi uleule, akapiga na kushona, baada ya miaka 5 atakuwa na ushahidi ambao hakuna kampuni wala ofisi itakayoukana. Ardhi haitembei, na kwa vitu visivyotembea mshono ni mwaminifu.

Kinachoombwa ni adabu ya kazi. Kila panorama itakayotolewa kuhusu maeneo yaliyohamwa iandikwe wazi kwamba imeshonwa: vipande vingapi, tarehe gani, saa ngapi, mpiga picha alisimama wapi na alitazama upande gani. Vipande vya asili visifutwe kwenye simu, vitunzwe kama vilivyotoka, ili anayetilia shaka avione kimoja kimoja. Isitumiwe kamwe kuhesabu watu. Na kabla haijawekwa kwenye ripoti, aliyeipiga ashuke kilimani, aingie chini ya mapaa aliyoyapiga, aulize swali moja tu: leo usiku mnalala wangapi hapa?

Swali hilo halihitaji programu wala droni. Linahitaji miguu, salamu, na kiti cha kuketi. Wakuu wa Maniema na mashirika yanayopokea picha hizi wanaweza kulidai kesho asubuhi bila kutumia hata faranga moja: ripoti yenye panorama na isiyo na jibu la swali hilo irudishwe ilikotoka.

Na nyinyi mliohama, mkionyeshwa picha ndefu ya kwenu, msiishie kusema ni nzuri. Wekeni kidole juu yake. Semeni: hapa ni shamba la baba, hapa ni kisima, hapa palikuwa na shule, pale alizikwa nyanya. Wafundisheni watoto nao waweke kidole. Picha ikikosa kuwaonyesha, midomo yenu iwaonyeshe, mpaka siku mtakaporudi na kusimama wenyewe ndani yake.