Bei ya Bastola na Bei ya Vipuri
Majaribio ya Jeshi la Marekani ya mwaka 1984 yaliacha bastola mbili tu zilizofaulu: Beretta 92F na SIG Sauer P226. Zote nusu otomatiki, zote za milimita 9, magazini ya risasi 15. Ukizishika, tofauti utaisikia kwenye kidole gumba: Beretta ina kitasa cha usalama, SIG ina cha kushusha nyundo tu. Kwa bei ya moja moja, SIG ilikuwa nafuu kidogo. Lakini jeshi halinunui bastola tupu. Ilipojumlishwa bei ya magazini na vipuri, Beretta ikawa chini, na Januari 1985 ikatangazwa mshindi. Wengi walinung'unika, mimi naona hesabu ile ilikuwa halali. Kinachoniuma ni yaliyofuata: bamba la juu la baadhi ya Beretta lilipasuka wakati wa kufyatua, likajeruhi askari usoni. Beretta ikapanua kichwa cha pini ya nyundo ili bamba lililovunjika lisimrukie mpigaji, lakini makomando wa SEAL wakaichagua P226. Wanaonunua silaha kwa fedha za umma, tafadhalini, msifunge faili siku zabuni inaposainiwa, msikilizeni anayeibeba.