Dini haikatazi kuuliza pesa zaenda wapi

Ukitaka kumfunga Mkenya mdomo asiulize habari za pesa, mwambie kwamba anayezichukua ni mtu wa dini. Akija mgeni mlangoni akitaka umpe Sh20,000 akuzalishie, utamwuliza atokako, utamwuliza leseni, na huenda ukawaita majirani. Lakini akija mzee wa kanisa, au ndugu mnayeswali naye safu moja, maswali yote hupotea. Twaona kwamba kumwuliza ni kumvunjia heshima. Wengine hata huona kuwa ni upungufu wa imani.

Wengi wenu mwakumbuka jinsi miradi ya piramidi ilivyovuma nchini mwaka 2006 na 2007, kisha ikaporomoka. Baadhi yake iliongozwa na wahubiri, na habari zake zilienea kanisani upesi kuliko sokoni. Maelfu ya Wakenya walipoteza pesa zao, wakiwamo waliouza mashamba na waliokopa ili wajiunge. Hawakuwa wajinga. Walimwamini mtu, wakasahau kukagua biashara yake.

Miradi ya aina hiyo haijaisha. Imebadilisha majina tu, na siku hizi huja kupitia simu. Hivyo basi, kabla hujatoa karo ya watoto, yafaa tukae chini tuhesabu pamoja.

HESABU HAIDANGANYI

Tuchukue ahadi iliyozoeleka: leta Sh10,000 upate faida ya asilimia 10 kila mwezi. Ukiiacha faida hiyo ijumlishwe na rasilmali, mwaka ukiisha utakuwa na zaidi ya Sh31,000. Miaka mitano ikiisha, utakuwa na zaidi ya Sh3 milioni. Sasa jiulize, ni duka gani, ni shamba gani la majani chai, ni matatu gani iwezayo kugeuza Sh10,000 kuwa Sh3 milioni kwa miaka mitano? Kama biashara hiyo ingekuwapo, mwenyewe angekwenda kukopa benki. Asingehangaika na akiba ya mama muuza mboga.

Ukweli ni kwamba katika piramidi hakuna biashara. Aliyetangulia hulipwa kwa pesa za aliyekuja nyuma yake. Ndiyo sababu unahimizwa ulete watu. Kila mtu akileta watano, na kila mmoja wa hao naye akaleta watano, ngazi ya kumi na moja peke yake itahitaji zaidi ya watu milioni 48. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba Kenya nzima, watoto wachanga wakiwamo, ilikuwa na watu wapatao milioni 47.6. Ni nani basi atakayemlipa aliyejiunga mwisho?

VITABU VYASEMAJE?

Kuna wanaodai kwamba mwenye kuuliza hamwamini Mungu. Hebu tutazame vitabu vyenyewe.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ile ya 282 ya sura ya Al-Baqara. Yahusu madeni. Inawaamuru waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandikiane, na pawepo mashahidi. Amri hiyo walipewa watu wa imani moja, watu wanaoaminiana. Kwa hiyo ndugu anayekataa kukuandikia kwa kuwa "sisi sote ni Waislamu", yeye ndiye anayekiuka mafundisho, wala si wewe unayetaka karatasi.

Kwa upande wa Wakristo, katika Injili ya Luka sura ya 14, Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mwenye busara huketi kwanza akapiga gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapitao. Kitabu cha Mithali nacho chaonya zaidi ya mara moja juu ya kumdhamini mtu katika deni. Wanachama wa Sacco, onyo hilo ni letu. Ukitia sahihi kumdhamini mwenzako, akiba yako imefungwa pamoja naye. Asipolipa, unakatwa wewe. Ni waume wangapi wametia sahihi hiyo bila wake zao kujua, na ni wake wangapi wamewaficha waume zao?

Wazee wetu walikwisha kutuusia: mali bila daftari hupotea bila habari.

MALI ISILALE

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba dawa ni kuficha pesa chini ya godoro. Katika mfano wa talanta, Mathayo sura ya 25, mtumwa aliyefukia talanta yake ardhini alikemewa na bwana wake. Naye Mwislamu ambaye mali yake imefikia nisabu hutoa zaka ya asilimia 2.5 kila mwaka wa Kiislamu. Pesa zilizolala tu zitazidi kupungua mwaka hadi mwaka, ilhali zilizo katika biashara nzuri huweza kuzaa hata cha kutolea zaka. Dini zote mbili zataka mali ifanye kazi.

Njia zinatofautiana kidogo. Wakristo wengi huweka akiba katika Sacco, ambayo hulipa riba kwa akiba na mgao wa faida kwa hisa. Mwenye uwezo zaidi hununua hati za dhamana za serikali, ambazo unaweza kuanza nazo kwa Sh50,000. Mwislamu, aliyekatazwa riba, hawezi kufuata njia hizo zote. Lakini tangu mwaka 2008 kumekuwako hapa Kenya benki zinazoendeshwa kikamilifu kwa kanuni za Kiislamu. Tena kuna ushirika wa mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine hufanya kazi, faida wakaigawana kwa kiwango walichokubaliana. Hasara ikitokea bila uzembe au hila ya mfanyakazi, mwenye mtaji ndiye anayepoteza mtaji, naye mfanyakazi hupoteza jasho lake.

Hapo pana kipimo kizuri. Katika ushirika wa kweli, hasara yawezekana. Anayekuahidi faida isiyopungua kila mwezi, kisha akaiita mudharaba, ameitia biashara yake jina lisilo lake.

KABLA YA KUTOA SHILINGI

Kwanza, uliza faida yatoka wapi. Jibu liwe kitu unachoweza kukitazama kwa macho: ng'ombe, nyumba ya kupangisha, bidhaa dukani. Jibu likiwa "ni baraka", funga mkoba wako.

Pili, uliza ni nani anayewasimamia. Benki husimamiwa na Benki Kuu ya Kenya. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA. Mifuko ya uwekezaji iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Usitosheke na cheti ulichoonyeshwa, bali ulizia jina hilo kwa mamlaka yenyewe.

Tatu, uliza utatokaje. Kuingia ni rahisi kila mahali. Taka kujua ni siku ngapi utangojea ukihitaji pesa zako, na ni kiasi gani utakatwa. Aidha, pesa ziende katika akaunti ya chama wala si simu ya mtu, nawe upewe stakabadhi.

Nne, mwenzako nyumbani ajue. Mradi usioweza kutajwa mezani mbele ya mkeo au mumeo tayari una kasoro.

Jambo jingine ni kutenganisha sadaka na uwekezaji. Sadaka hutolewa kwa Mungu, na mtoaji hangojei faida ya asilimia fulani. Uwekezaji ni biashara, na mwenye pesa ana haki ya kuona vitabu vya hesabu. Anayechanganya hayo mawili, akakuambia "panda mbegu" hapo hapo akikuahidi faida mwisho wa mwezi, anataka pesa zako zisiwe na hesabu upande wowote.

Kama huna kitu cha kuanzia, usione haya. Sh50 kila siku ni Sh18,250 kwa mwaka. Hazitakutajirisha, lakini mtoto akiugua usiku hutakimbilia kwa mkopeshaji wa mtaani.

Na yule mzee wa kanisa, au yule ustadhi, akija na mpango wake, mkaribishe chai. Kisha mwambie kwa adabu, "Mzee, nakuheshimu, ndiyo sababu nataka tuandikiane." Aliye mwaminifu atashukuru, kwa kuwa daftari lamlinda yeye pia. Akikasirika, mwongezee chai, lakini pesa za karo zipeleke shuleni.