Mbu wa Mtungini na Usubi wa Mtoni



Huenda baadhi yenu mkauliza gazeti la wakulima wa karafuu lina shughuli gani na mbu. Jawabu yetu ni fupi. Mchumaji aliyelala kwa homa hachumi, na karafuu haimngojei mtu apone; ikishachanua imekwisha. Homa ya kidingapopo, ambayo siku hizi huitwa dengi, humlaza mtu fungate nzima, na ulegevu wake huweza kumfuata majuma kadha baadaye. Kambi moja ikipatwa na homa hiyo katikati ya msimu, hasara yake hana wa kuilipa.

Tulipofika Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, hatukwenda kwa ajili ya mbu. Tulikwenda kutazama namna wakulima wadogo wa chai wanavyoendesha mambo yao ya chama. Nchi ile ni baridi kwetu sisi watu wa pwani, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Migomba imekuja mpaka mlangoni, na kila bonde lina mto wake uendao kasi juu ya mawe. Maji yale tuliyatamani, Mungu atusamehe. Ndipo wenyeji wetu wakatuambia kwamba mito hiyo hiyo ndiyo izaayo usubi, yule inzi mdogo mweusi ambaye kwa kuuma kwake humtia mtu vijinyoo vya kuwasha ngozi na mwisho kumpofusha macho.

Mabuu ya usubi hushika mawe penye maji ya kasi. Hapana mwenye nyumba awezaye kuufunika mto. Katika miaka ya 2000 mito ya huko ilitiwa dawa ya kuua mabuu, walakini kazi iliyodumu ni ya vidonge vya ivermektini, ambavyo watu wamevimeza kila mwaka kwa muda wa miaka 15 na zaidi. Tulilotaka kulijua sisi ni hili: nani anayewapa? Tukaambiwa wagawaji huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mgawaji huenda nyumba kwa nyumba na daftari lake na kijiti cha kupimia urefu, maana hesabu ya vidonge hufuata kimo cha mtu.

Mkiona jambo hili ni dogo, lifikirini tena. Dawa ile mara za mwanzo huwawasha na kuwavimbisha baadhi ya watu. Mtu aliyevimba mwaka jana hakosi kusita mwaka huu, na mgeni aliyetumwa kutoka mbali humwandika “amekataa” akaenda zake. Jirani hafanyi hivyo. Anajua nani alikuwa shamba siku ile, nani ana mimba asipewe, nani anaogopa na kwa sababu gani; hurudi jioni akakaa barazani, wakazungumza.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna mito ya usubi, ila tuna mbu aitwaye Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, naye si mgeni visiwani. Unguja ilipatwa na maradhi makubwa ya homa na viungo katika 1823 na tena katika 1870, na tabibu James Christie aliyekuwako mjini aliandika habari zake. Wako wasemao kwamba neno dengi lenyewe limetokana na maneno yetu ya kidinga pepo. Wataalamu wengine wa leo wanadhani maradhi yale yalikuwa chikungunya, ambayo ilipata kujulikana vizuri baada ya kuwapata watu wa upande wa Newala katika 1952 na 1953. Wabishane watakavyo, mbu huyu huyachukua maradhi yote mawili. Na katika 2019 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wa dengi zaidi ya 6,000, wengi wao Dar es Salaam, ambako watu wetu huenda na kurudi kila siku kwa meli.

Watu wa Makunduchi watakumbuka mwaka 1988, vyoo vyao vilipotiwa chembe nyeupe za plastiki zinazoelea juu ya maji, na mbu wa matende wakapungua sana. Kazi ile ilikuwa njema, lakini isitudanganye. Mbu wa matende hupenda maji machafu na huuma usiku. Huyu wa dengi hupenda maji safi, huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri, wakati ambapo chandarua kimekunjwa. Wala dengi haina kidonge cha kuiua kama kile cha Rungwe. Chanjo zimeanza kutumika katika nchi kama Brazil; kwetu bado si jambo la kulitegemea. Mgonjwa hupewa maji mengi na parasetamoli, na asipewe aspirini wala diklofenaki, maana dawa hizo huzidisha khatari ya kutoka damu.

Basi tazameni tofauti. Mwenzetu wa Rungwe ana dawa, lakini adui yake yuko mtoni, mkono wake haumfikii. Sisi hatuna dawa, na adui yetu tunamfuga ndani ya pipa.

Hapa ndipo penye mgogoro. Mwanachama mmoja alituambia waziwazi: “Mnataka tumwage maji. Mfereji kwetu hutoa siku mbili tatu kwa juma. Mke wangu akiyamwaga, tutaoga nini?” Swali hili ni la haki, na wengi watoao nasaha juu ya mbu hulipita kama hawakulisikia. Sisi hatusemi maji yamwagwe. Twasema pipa lifungwe kwa kitambaa kilichofumwa karibu karibu, kikazwe kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kwani kifuniko cha mbao chenye mwanya ni mlango wa mbu. Na siku mfereji utokapo, kabla ya kujaza, pipa lisuguliwe ndani kwa kumbi la nazi. Mbu huyu hugandisha mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Chombo kikikauka hayafi, huweza kungoja miezi. Kumwaga bila ya kusugua ni kazi bure. Na isipite juma moja, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Ama vifuu, makopo na mipira ya magari iliyotupwa nyuma ya nyumba, hayo si maji ya mtu. Hapo hatuoni udhuru.

Nani atakagua? Rai yetu ni kwamba kila tawi lichague watu wawili, wakaao mahali hapo hapo, na mmoja wao awe mwanamke. Nyumba zetu zina stara. Mwanamume mgeni, hata akivaa kitambulisho cha ofisi gani, hapiti uani wakati mwenye nyumba hayupo, na mapipa yako uani. Tena maji ya nyumbani yamo mikononi mwa wanawake; kuwahutubia waume zao barazani juu ya mapipa ni kumpelekea barua asiyehusika. Sheha na apewe habari, lakini uchaguzi uwe wa watu.

Kambi za wachumaji ni jambo la mwenye shamba. Anayetoa majamvi ya kuanikia na atoe vitambaa vya mapipa, na atazame makopo kabla watu hawajaingia. Tunajua neno hili halitawapendeza wote, na miongoni mwa wasiopendezwa wamo wajumbe wa kamati yetu.

Wako watakaosema hii ni kazi ya Serikali. Mabomba ya maji ni kazi ya Serikali, na vipimo vya dengi hospitalini pia, na deni hilo hatulisamehe. Lakini gari la kupuliza dawa huua mbu wanaoruka siku ile. Viluwiluwi walio mtungini hutoka keshoye wakiwa wazima. Huko Nicaragua na Mexico ulifanywa mtihani mkubwa, vijiji na mitaa ikaachiwa ijipangie yenyewe vita vya mbu bila ya kuongezewa dawa za sumu, na watoto walioambukizwa dengi wakapungua kwa kadiri ya tatu katika kila kumi. Haikuwa yote kumi, nasi hatutawaahidini yote kumi.

Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano wa wajumbe wa matawi kabla ya wachumaji kuanza kuingia kambini. Tawi lililo tayari lituletee majina mawili. Tawi lenye hoja ya kupinga liiandike, nasi tutaichapa humu humu bila ya kuipunguza.

Katibu