Bonanza Bila Kombe

Leo nina neno na wenzangu wa umoja wa vijana kanisani, hasa nyie wenyeviti mnaopenda mabonanza.

Kila mwaka ni yale yale. Jezi zinaazimwa, soka linapigwa la kufa mtu, vijana 22 wanatoka jasho na wengine 50 wako pembeni wanawashikia viatu. Dada zetu wanapewa kuvuta kamba dakika kumi, basi. Yule kaka mnene, yule mwenye mguu mbovu, yule aliyehamia mtaani juzi, hao hawana namba. Refa akikosea penalti moja, soprano na besi hawasalimiani hadi Kwaresima. Halafu tunaulizana mbona fulani siku hizi haonekani! Ataonekanaje, wakati kila mkikusanyika yeye ni mlinzi wa mabegi?

Sisemi soka life, mimi mwenyewe ni mnazi. Ila ipo michezo isiyo na mshindi, na jasho linatoka vile vile.

Chukueni mchakamchaka tuliokimbia shuleni. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na kwenu waimbaji si wa kutafuta. Siri yake ni kumweka mbele yule wa polepole kuliko wote, yeye ndiye apange mwendo. Mkiona bado mnaweza kuongea lakini pumzi ya kuvuta nota ndefu hamna, mwili uko kazini sawasawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kama huo kwa wiki. Wa miaka 5 hadi 17, wastani wa dakika 60 kwa siku. Wewe unayeshinda kitandani na simu, jipigie hesabu.

Kingine ni shuka. Lile la sita kwa sita, watu kumi walishike kuzunguka pande zote, mpira wa plastiki katikati, kisha murushe na kudaka usidondoke. Mnahesabu pamoja: leo 20, wiki ijayo mtafute 40. Mwenye mguu mbovu anawekewa kiti na kazi anapiga kama kawa.

Au simameni wanane kwenye duara, kila mtu ashike mikono ya watu wawili tofauti ambao si jirani zake, halafu mjifungue bila kuachiana. Mafundo mengine hayafunguki ng'o; hapo ruhusuni mkono mmoja uachie, maisha yaendelee. Kama mchungaji ana wasiwasi na mambo ya kushikana shikana, dada kivyao, kaka kivyao. Msije mkaitwa ofisini bure.

Walio Dar wana vilima vya Pugu, walikofika wamisionari Wabenedikto mwaka 1888. Misheni ile ilishambuliwa Januari 1889, na leo pale ni kituo cha hija. Anzeni kutembea saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali, kila mtu na maji yake, na wawili wenye nguvu wabaki nyuma kabisa ili asiachwe mtu njiani.

Hela ya kombe? Nunueni mikungu ya ndizi, mle wote mkifika.