Kiti cha Karatasi

Ukiambiwa uketi juu ya karatasi, bila shaka utasita. Hata hivyo, huko Denmark wako watu wanaoketi juu yake tangu mwaka 1950. Kiti chenyewe kilibuniwa mwaka 1949 na Hans Wegner, fundi aliyekuwa mwana wa mshona viatu. Miguu yake ni ya mbao, mgongo umepindwa kwa mvuke, na kikalio kimewambwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, yapata mita 120 kwa kiti kimoja!

Kamba hiyo ni zao la dhiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyasi za baharini za kuwambia viti ziliadimika, mafundi wakageukia karatasi. Vita vikaisha, karatasi ikabaki.

Kikalio kikichakaa baada ya miaka mingi, kiti hakitupwi. Kamba kuukuu hukatwa, mpya ikawambwa juu ya mbao zile zile. Bei yake, nakiri, si ya mshahara wa kawaida. Lakini siku utakapokwenda kwa seremala, kabla ya kuulizia rangi ya kitambaa, kipindue kiti, utazame chini yake, umuulize: kikichakaa, kitafunguliwaje?