Kama unaishi ploti, gitaa lako usikie wewe tu

Saa nne na nusu usiku. Umetoka kazi, umekula ugali na sukuma, umekaa kitandani (kwa bedsita kitanda ndicho kiti), umeshika gitaa. Hujamaliza hata wimbo mmoja, ukuta unagongwa. Kesho asubuhi msimamizi wa ploti anakungoja kwa ngazi na uso umekunjwa.

Mimi nilipewa onyo mara mbili pale Zimmerman. Ya tatu ingekuwa notisi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na siku hizi mchana niko saiba nikichapia watu CV. Muda wangu wa mazoezi ni usiku. Kwa hivyo usiniambie niende nikapigie Arboretum.

Sasa nasema hivi, na najua kuna watu watanuna: kama umepanga chumba, acha gitaa la sanduku linalopiga kelele. Tafuta la umeme lenye nyuzi za nailoni. Nailoni haikati vidole kama chuma, na ukipenda kudonoa kwa kidole gumba na vidole vingine, hapo ndipo raha ilipo. Na si sauti ya kigeni hivyo. Nyatiti nyingi za leo zimefungwa nailoni ya kuvulia samaki.

Lakini usifanye ujinga wangu. Nilinunua gitaa la umeme la mitumba, la nyuzi za chuma, nikaona nimepata njia ya mkato: toa chuma, weka nailoni. Nikachomeka waya. Kimya! Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Kimya bado. Kumbe pikapu yake (si ile ya kubeba miraa) ni sumaku, na sumaku husikia chuma kikitetemeka. Nailoni haioni kabisa. Hata zile nyuzi tatu nene zinazong'aa kama chuma, ndani ni nailoni na juu zimezungushiwa waya wa shaba. Doo zangu zikaenda hivyo.

Unachohitaji ni gitaa lenye piezo. Ni kipande chembamba kinachokaa chini ya ule mfupa unaobeba nyuzi, kikisikia mgandamizo wa nyuzi zenyewe. Ukifika dukani uliza hilo kabla ya kuuliza bei. Kisha beba hedifoni zako na betri ya volti 9, kwa sababu mengi yana kikuza sauti kinachotumia betri hiyo, na muuzaji hukosa betri siku anapojua kuna shida. Donoa uzi mmoja mmoja. Kama mmoja uko chini kuliko wenzake, huenda mfupa haujakaa vizuri. Fundi anaweza kurekebisha, lakini bei ishuke kwanza. Shika shingo pia. Gitaa la klasiki huwa na shingo pana, kama milimita 52 pale juu, na kama umezoea ya umeme yenye 43 hivi, mkono utalia wiki ya kwanza. Kuna ya katikati, 48. Mimi hiyo ndiyo ilinifaa.

Kuna Yamaha SLG200N, halina sanduku, fremu yake inachomolewa na lina tundu la hedifoni mwilini. Tamu sana, lakini bei yake si ya mtu wa saiba. Langu ni la mitumba, mwili mwembamba, halina tundu mbele, jina lake hata silitaji. Halina pa kuchomeka hedifoni, kwa hivyo nilinunua kiamplifaya kidogo kinachoingia moja kwa moja kwenye gitaa. Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, unadonoa sasa unasikia baadaye, utadhani umelewa. Na ukimaliza chomoa, maana kwa magitaa mengi betri inaliwa muda wote kitu kimechomekwa.

Ukikosa hilo, chukua la klasiki la kawaida lenye piezo, lijaze taulo ndani. Sicheki. Sauti ya nje inashuka sana, na ya waya inabaki.

Wazee wa klasiki watakwambia sauti ya piezo ni kavu. Ni kweli, kiasi. Ongeza mwangwi kidogo uendelee na maisha. Jumapili tukikutana kujamu, ngoma zikianza, gitaa lao la sanduku ama linamezwa ama linapiga mluzi likikaribia spika. Langu linasikika na halipigi mluzi ovyo.

Juzi jirani yule wa kugonga ukuta alinisimamisha pale kwa mfereji. "Bro, pole, uliuza gitaa?" Nikamwambia nalipiga kila usiku hadi saa sita.