Asiyehitajika na yeyote yumo hatarini

Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu kuwa mhalifu mtu aliyejaribu kujitoa uhai, kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi, aliyenusurika angeweza kutolewa wodini na kupelekwa kizimbani. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na wa utu. Hata hivyo, umetuachia swali ambalo Nakuru haijalijibu: mtu huyo akirudi Kaptembwo, Molo au Naivasha, anarudi kwa nani, na kufanya nini?

Tunapiga mbiu leo kwa sababu wengi miongoni mwetu hawana jibu. Kijana amemaliza chuo, vyeti vimekaa kabatini, na siku nzima imemwishia kijiweni akicheza kamari kwenye simu. Mzee amestaafu, na tangu hapo hakuna anayemwuliza neno. Mama amelea watoto hadi wakahama, na sasa nyumba imenyamaza. Hawa wote wanakula, wanalala na kuamka, lakini hawaoni kama kuna lolote litakaloharibika wasipoamka.

Nakuru haikuwa hivi siku zote. Mji huu ulikua kwa reli na kwa mashamba. Pareto ya Molo na Elburgon iliwahi kuifanya Kenya iongoze duniani kwa zao hilo, na mkulima alijua kwamba kazi yake ina uzito. Sekta hiyo iliporomoka. Mwaka wa 2014, Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri mjini hapa. Kila lango la kiwanda linapofungwa tunahesabu mishahara iliyopotea. Hatuhesabu heshima ya mtu aliyekuwa akitegemewa, anayejikuta asubuhi hana pa kwenda wala wa kumngoja.

Tangu tukabidhiwe hati ya jiji Desemba 1, 2021, mazungumzo yetu yamekuwa ya barabara, masoko na majengo. Hayo ni mema. Lakini jiji lisilompa mkazi wake nafasi ya kuwa na manufaa kwa mwenzake limejengwa nusu tu.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa anataka unga, na habari za maana ya maisha ni anasa ya walioshiba. Tunawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Unga ni lazima, na serikali isiyoleta ajira isijifiche nyuma ya mawaidha. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Ohsaki, Japani, na kutolewa mwaka wa 2008, uliwafuatilia watu wazima zaidi ya 43,000 kwa miaka saba. Walioona hawana jambo la kuwafanya wafurahie kuishi walifariki kwa wingi kuliko waliokuwa nalo, hata baada ya watafiti kuzingatia umri, maradhi na hali zao za maisha.

Wala hatuhitaji kwenda Japani kupata ushahidi. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai usiku wa Mei 9, 2018, na kuua watu zaidi ya 40, majirani walitoka gizani kuwatafuta majirani. Mafuriko yalipozoa nyumba za Mai Mahiu Aprili 29, 2024, ilikuwa vivyo hivyo. Vijana ambao jana yake waliitwa wavivu walikuwa ndani ya matope wakiokoa watu. Nguvu walikuwa nayo, na moyo pia. Walichokosa siku nyingine zote ni mtu wa kuwaita. Ni aibu kwetu kungoja maafa ndipo tuwahitaji.

Basi nini kifanyike? Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Serikali ya Kaunti ya Nakuru ianzie hapo: iweke mshauri nasaha katika kila kituo cha afya cha wadi, na wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wafunzwe kumtambua aliyejifungia. Sonona ni ugonjwa na ina tiba. Tusimwambie mgonjwa ajikaze.

Pamoja na tiba, pawe na kazi ya kufanya. Mpango wa Kazi Mtaani uliozinduliwa mwaka wa 2020 ulionyesha kuwa vijana wako tayari kusafisha mitaa yao wenyewe. Kaunti iwe na mpango wake wa kudumu: kupanda miti katika msitu wa Mau, kuzibua mitaro kabla ya mvua, kuwafundisha watoto kusoma. Ujira uwepo hata ukiwa mdogo, na kazi hiyo itambuliwe hadharani.

Shule za sekondari ya juu zimepewa somo la lazima la huduma kwa jamii. Walimu wasiligeuze kuwa somo la kukariri kwa ajili ya alama. Wawapeleke wanafunzi wakawasaidie wazee na wagonjwa. Makanisa na misikiti iwape wastaafu vijana wa kuwalea kikazi. Waajiri wa mashamba ya maua na wa viwandani wawaandae wafanyakazi kwa maisha ya baada ya kazi, badala ya kuwaaga kwa keki na picha.

Na wewe msomaji, ukiona giza limekuzidi, piga simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, bila malipo, au mwambie mtu mmoja unayemwamini. Hilo si udhaifu.

Bunge la Kaunti litakapoketi kujadili bajeti ijayo, tutatafuta kifungu cha fedha za kazi hii. Tusipokiona, tutawauliza wawakilishi wadi mmoja mmoja, kwa majina.